Chungu cha Pampu

Kwanza ilisikika filimbi. Nyembamba, ya mbali, ikipanda na kushuka kama ya mtu anayemwita mbwa wake ng'ambo ya bonde. Cécile, aliyekuwa amechutama karibu na mlango akikoroga sufuria juu ya imbabura, jiko lake la makaa, alidhani ni mvuke unaotafuta njia chini ya kifuniko. Akakifunua. Filimbi haikunyamaza. Akageuka.

Ilikuwa inatoka kifuani mwa binti yake.

Akimana alikuwa amelala kifudifudi juu ya mkeka, viganja chini, kifua kimeinuliwa, shingo nyuma. Pozi la nyoka, ndivyo lilivyoitwa kwenye yoga, na katika watoto wote waliofundishwa bustanini kwa Madamu Connie, mwajiri wa mama yake, hakuna aliyelipatia kama yeye. Alikuwa na miaka kumi na mbavu za kuhesabika. Nje mvua ya mchana ilikuwa ikilitandika bati bila huruma. Dirisha lilifungwa, kwa sababu Madamu alisema baridi ni adui wa kifua. Imbabura na makaa yake ilikuwa ndani, kwa sababu nje mvua ingeizima. Na dawa ilikuwa lazima ichemke muda wote wa mazoezi, ili mtoto auvute mvuke wake: tangawizi, manjano, pilipili ndefu, na unga wa majani ya mrehani wa Kihindi uliokuja kwenye pakiti yenye picha ya ua.

Kule Nyarutarama, kwa Madamu, dawa hiyo ilichemka kwenye jiko la gesi, na mazoezi yakafanyika kwenye nyasi. Huku Rwezamenyo jikoni, sebuleni na chumbani ni mahali pamoja. Ukinyoosha mguu kulala, kidole kinagusa sufuria.

"Mama, leo inakataa," Akimana alisema.

"Haikatai. Usiwe na haraka. Ziba pua moja, vuta kwa nyingine."

"Pua moja haitoshi, Mama. Nataka zote."

Cécile alicheka, na kicheko hicho kingemchoma baadaye kuliko kaa la moto.

Mlango ukasukumwa, akaingia Générose, jirani wa ukuta mmoja, muuza chapati, kajifunika beseni kichwani badala ya mwavuli. "Yewe, Mama Akimana, humu iko moshi kama jehanamu! Mnafukuza mashetani au mnayaalika?"

"Ni dawa."

"Basi hiyo dawa ndiyo iliyonileta. Unga wa mzee umeisha. Niletee mwingine Jumamosi, tafadhali." Générose alimlea baba mkwe wake, mzee Hakizimana, aliyekuwa na pumu tangu enzi za ujana wake. "Tangu aanze kuunywa amekuwa msumbufu! Anataka chai, anataka redio, anataka kujua chumvi nimepeleka wapi. Mpaka namwomba Mungu anirudishie kikohozi chake."

"Na pampu yake ya pumu?"

"Pampu gani tena? Nimewapa watoto wachezee. Si wewe ulisema inayafundisha mapafu uvivu?" Akageuka kumsalimia mtoto, na utani ukamkauka mdomoni. "Cécile. Cécile, mtazame mwanao midomo."

Midomo ya Akimana ilikuwa na rangi ya majivu. Alikuwa ameketi sasa, mikono ameikita magotini, mabega yakipanda kila alipovuta pumzi kama mtu anayeteka maji kwenye kisima kirefu kwa kamba fupi. Filimbi ilikuwa imekatika. Hilo ndilo lililotisha.

Cécile alipiga simu kabla hata ya kufungua dirisha. Hakumpigia mumewe Melchior, aliyekuwa juu ya kiunzi cha ujenzi Kinyinya. Alimpigia Madamu.

"Madamu, Akimana amebanwa. Hapumui."

Nyuma ya sauti ya Connie kulisikika vikombe na watu wakicheka. "Cécile wangu, tulia. Ukiwa na hofu, naye anaogopa. Mkalishe, mgongo wima. Azibe pua moja. Nina wageni, nitakupigia."

Simu ikakatika.

"Amesema nini?" aliuliza Générose, ambaye alikwisha kufungua dirisha na kuisukuma imbabura kwenye mvua kwa mguu, ikazimika kwa kishindo na wingu jeupe.

"Amesema... pua moja."

"Pua ya nani?" Générose alifoka, akatoka mbio kutafuta pikipiki. Lakini nani amewahi kupata pikipiki Kigali mvua ikinyesha? Waendesha pikipiki wote walikuwa wamejibanza chini ya vibaraza, wameikunjia mikono mvua ya Mungu. Ambulensi ilisema inakuja. Cécile akakumbuka kwamba dereva wa Madamu, Nkusi, alikuwa Biryogo siku hiyo, gari lipo gereji. Akampigia. Nkusi hakuuliza lolote. Alisema neno moja tu: "Nakuja."

*

Nkusi alikuwa Mnyarwanda aliyekulia Karagwe, Mtanzania kwa ulimi na kwa utani. Miaka minne walikula pamoja na Cécile jikoni kwa Madamu, sahani moja ya ugali, na alimwita dada. Siku hiyo hakutania. Alimbeba Akimana mikononi, akamlaza kiti cha nyuma, akamwambia Cécile, "Kaa mbele. La, kaa naye. La, kaa mbele!" Générose alibaki amesimama kwenye mvua na beseni lake.

Hawakufika mbali. Barabara ya kupanda ilikuwa imejaa magari yaliyosimama, taa nyekundu moja nyuma ya nyingine mpaka juu. Kiti cha nyuma kulitoka sauti ndogo, kama ya kifaranga, halafu haikutoka tena.

Nkusi alilipandisha gari ukingoni na kulizima.

"Unafanya nini? Nkusi, unasimama kwa nini?"

"Fungua hicho kidroo mbele yako."

"Kuna nini?"

"Fungua, Mama Akimana!"

Akafungua. Karatasi za bima, miwani ya jua ya Madamu, kitambaa. Chini ya kitambaa, pampu ya pumu, ya buluu, na chupa ya plastiki ya kuvutia dawa yenye mdomo kama wa filimbi. Kwenye pampu palikuwa na kibandiko chenye picha ya mpira wa miguu, na jina la mtoto wa Madamu kwa mwandiko wa duara ambao Cécile aliujua kuliko wake mwenyewe, kwa sababu kila asubuhi ulimwandikia cha kupika. SHEMA.

Nkusi alimnyang'anya. Akaitikisa, akaiunganisha, akarukia nyuma, akamwinua mtoto. "Binti yangu, fungua mdomo. Shika kwa midomo. Vuta. Tena. Tena. Sasa nyingine." Mkono wake haukutafuta kitu wala kukosea. Ulikuwa mkono uliozoea.

Walikaa hivyo, mvua ikiwapigia paa, mpaka filimbi iliporudi. Ndiyo, walishukuru Mungu kwa filimbi. Kisha rangi ikarudi midomoni, kidogo kidogo, kama wino unaopanda kwenye karatasi.

Cécile hakulia. Alitazama kile kibandiko.

"Hii ni ya Shema."

"Ndiyo."

"Shema alitupa yake kwenye chungu. Nilimwona."

"Ile ilikuwa tupu, Mama Akimana," alisema Nkusi bila kumtazama. Akawasha gari.

*

Chungu chenyewe kilikuwa kikubwa, cha udongo mwekundu, na kilikaa katikati ya bustani ya Nyarutarama kila Jumamosi. Madamu Connie, aliyekulia Kampala na kurudi na fedha zake, alikwenda India akarejea na cheti cha yoga na mizigo ya dawa za Ayurveda. Alikuwa mwerevu. Alijua watu wake wamelelewa na makanisa. Alijua kwamba huku, mtu akipona, hasemi kimyakimya kwa mkewe, husimama mbele ya watu akatoa ushuhuda. Na kama alikuwa amefungwa na kitu, pombe au hirizi, hukileta kitu hicho kikatupwa mbele ya wote. Connie akaichukua desturi hiyo ya kanisani na kuipandikiza bustanini. Aliyepona kifua alisimama, akasema, akatupa pampu yake chunguni. Watu wakapiga makofi. Simu zikarekodi.

Wa kwanza alikuwa Shema, mwana wa Connie, miaka minane, mtoto ambaye Cécile alimbeba mgongoni mpaka akatembea. Wiki iliyofuata alikuwa Cécile mwenyewe. "Mimi ni mama wa kawaida," alisema mbele ya zile simu, kwa sauti iliyotetemeka kwa furaha. "Mwanangu alikuwa mfungwa wa pampu hii. Tangu Madamu atupe dawa na mazoezi, analala usiku kucha." Na ilikuwa kweli! Wiki zile za kiangazi, Akimana alilala vizuri. Akaitupa. Ilikuwa karibu kujaa. Ilitoa mlio mzito ilipofika chini, na sasa, ndani ya gari, alikumbuka kwamba ile ya Shema ilikuwa imelia kama kopo tupu.

Masikio yake yalisikia siku ile. Moyo ndio uliokataa kupokea.

*

Daktari Winifred alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuchoka. Mtoto alipokwisha kuwekewa oksijeni, alimvuta Cécile kando, lakini si mbali sana. Wodi nzima ilisikia.

"Alikuwa anatumia pampu ya kila siku?"

"Alikuwa."

"Akaacha lini?"

"Kiangazi."

"Nani alimwachisha?"

Hapo Cécile angeweza kusema. Jina lilikuja mpaka kwenye meno. Lakini miaka minane ya kusema "ndiyo Madamu" haifutiki kwa siku moja. "Mimi," alisema.

Daktari alimtazama. "Mama, tangawizi anywe, haina ubaya. Hiyo yoga, kama anaipenda, aendelee nayo. Kujifunza kupumua ni kuzuri. Lakini vinakwenda pamoja na pampu, haviikalii kiti chake. Na makaa ndani ya nyumba iliyofungwa, halafu unamwambia mtoto avute pumzi ndefu? Alikuwa anavuta nini, unadhani?"

Mgonjwa wa kitanda cha jirani alitikisa kichwa na kumnong'oneza mwenzake. Cécile alitazama viatu vyake vilivyolowa.

Melchior alifika jioni kutoka Kinyinya, saruji kwenye nyusi, chokaa kwenye masikio. Mlinzi alikuwa amemzuia mlangoni. "Fundi, hapa si saiti." Ilimbidi avue viatu avishike mkononi, na hivyo ndivyo alivyomkuta binti yake, peku, kama mtu anayeingia msikitini. Alimgusa Akimana mguu. Akasikiliza maelezo yote ya mkewe mpaka mwisho, habari ya kidroo, kibandiko, chungu.

"Nimewaonyesha mafundi wote ile video yako," alisema hatimaye. "Kiunzi kizima. Nikawaambia, mwoneni mke wangu, anaongea na watu wa Nyarutarama wanamsikiliza."

"Najua."

"Na Nkusi alijua?"

"Alijua."

Melchior alikaa kitako sakafuni. "Aliyetuficha na aliyetuokoa ni mtu mmoja. Sasa huyo mtu unamfanyaje, Cécile? Unampiga au unamshukuru?"

Kitandani, nyuma ya kinyago cha oksijeni, Akimana alikuwa ameziba pua moja kwa kidole gumba, akijaribu, kwa adabu, kutii.

*

Asubuhi ya pili Connie alikuja. Alivaa suruali ya mazoezi na raba nyeupe, na alibeba kikapu cha matunda chenye utepe. Viatu vyake hakuna aliyemwambia avivue. Manesi walimpisha, mmoja alimtambua kutoka kwenye simu yake, akatabasamu.

"Cécile wangu. Pole, pole sana. Sikulala." Akamkumbatia. Alinukia mafuta ya mchaichai, harufu ya nyumba ambayo Cécile aliifuta vumbi kila siku ya Mungu.

"Madamu, nilikupigia ukaniambia pua moja."

"Sikujua ni hali gani."

"Nilikuambia hapumui. Shema akibanwa, huwa unamwambia pua moja?"

Connie alitupia macho vitanda vya jirani, akashusha sauti. "Nkusi hakuwa na haki ya kuingiza mkono mle. Nimemwachisha kazi."

"Kwa sababu mwanangu yuko hai?"

"Kwa sababu mtu wa nyumbani anatunza mambo ya nyumbani. Please, Cécile, tusipige kelele, hapa kuna wagonjwa." Akaketi pembeni mwa kitanda, akakunja mguu kama alivyofanya darasani. "Nisikilize. Dawa inafanya kazi. Mazoezi yanafanya kazi, umeona mwenyewe. Shema ana nafuu mara kumi. Pampu iko kwa ajili ya dharura tu."

"Mbona mimi hukuniambia kuna dharura?"

Swali hilo lilikaa kati yao kama mtu wa tatu. Connie alilitazama, akalizunguka.

"Na wewe mbona hukuniambia unachoma makaa ndani? Nimeongea na daktari. Moshi, Cécile! Nani alikufundisha hivyo? Mimi nilisema mvuke. Sikusema moshi."

Lilimpata. Lilimpata kwa sababu lilikuwa kweli. Kwa muda Cécile akawa tena mtu wa kuomba msamaha, mtu aliyevunja bilauri ya wageni. Halafu hasira ikapanda, taratibu, kutoka chini kabisa.

"Madamu, mimi naijua nyumba yako mpaka upande wa kitanda unaolalia. Wewe yangu hujaiona hata mlango. Umenipa dawa ya kuchemsha saa nzima, hukuniuliza nachemshia wapi. Kosa la makaa ni langu, nitalibeba. Lako nani atabeba?"

"Nimesema nitalipa hospitali."

"Bima yetu ya mituweli italipa. Sitaki ulipe. Nataka useme. Jumamosi, mbele ya watu, sema tu kwamba Shema ana pampu. Neno moja. Wazazi wengine warudishe za watoto wao."

Connie alicheka kidogo, kicheko cha mtu aliyeombwa kitu cha kitoto. "Halafu? Watu wananiamini, Cécile."

"Ndiyo maana nakuomba."

"Hawataelewa. Watachanganya mambo." Akasimama, akajikung'uta suruali ingawa haikuwa na vumbi. "Video yako nitaiacha ilivyo. Imewasaidia wengi, ni ushuhuda mzuri, unatoka moyoni. Na wewe pumzika. Kesho usije. Jumatatu tutazungumza kama ndugu."

Akaweka kikapu juu ya meza ndogo, akaenda, raba nyeupe zikilia kwenye sakafu iliyopigwa deki.

Akimana alifumbua macho. Hakuwa amelala. "Madamu ameondoka?"

"Ameondoka."

"Hakunisalimia."

Cécile alikichukua kikapu, utepe na yote, akakipeleka kitanda cha jirani, kwa yule mwanamke aliyemtikisia kichwa.

*

Waliruhusiwa mchana huo huo, na pampu mpya mbili, ya kila siku na ya dharura. Nje ya geti Nkusi alikuwa amesimama, mikono mitupu, bila gari, na bila gari alionekana mfupi. Melchior alimpita akiwa amembeba mtoto. Cécile alisimama.

"Siku ile chunguni ulikuwa wapi?" alimuuliza.

"Nilikuwa nimemshikia Madamu mwavuli wa jua. Dada, nilitaka kusema."

"Ulitaka."

"Nina watoto watatu."

"Mimi nina mmoja."

Nkusi aliinamisha kichwa. Cécile alimtazama utosi, nywele zilizoanza mvi, akauona na ule mkono uliotikisa pampu. Hakumpiga. Hakumshukuru. "Njoo ule siku moja," alisema, kwa ukali, kama anayemtukana, akaondoka.

*

Hawajafika mlangoni, kabla ya kuona mtu yeyote, Cécile aliisikia tena. Filimbi. Nzito zaidi, ya zamani zaidi, kama ya mlango mkongwe. Alimgeukia Akimana haraka. Akimana alikuwa kimya mabegani mwa baba yake, anapumua.

Ilitoka kwa jirani. Mzee Hakizimana alikuwa ameketi kibarazani kwenye kigoda, mwili mbele, viganja magotini, shati limefunguliwa vifungo. Miguuni pake wajukuu walikuwa wakisukuma gari: pampu ya pumu iliyofungwa vizibo vinne vya soda.

"Mmerudi! Imana ishimwe, Mungu asifiwe!" Générose alitoka na unga mikononi, akamshika Akimana mashavu, akamwachia alama nyeupe mbili. "Huyu mtoto alinitoa roho. Mzee leo amechoka kidogo, nadhani ni hii mvua. Umeniletea ule unga?"

Kulikuwa na njia rahisi. Angesema umekwisha sokoni. Angesema kesho.

"Générose, ule unga haukuponya. Shema ana pampu. Anayo kwenye gari, mama yake ameificha. Aliyotupa ilikuwa tupu. Mpe mzee pampu yake, leo, sasa hivi."

Générose alisimama, mikono hewani, unga ukidondoka. Akalitazama lile gari la vizibo. Akamtazama mzee. "Kwa hiyo Madamu wako alikudanganya."

"Alinidanganya."

"Pole." Halafu uso ukambadilika. "Lakini Madamu ni wako, Cécile. Mimi simjui. Sijawahi kumwona hata kivuli. Mimi sikumwamini yeye. Mimi nilikuamini wewe."

Mzee alivuta pumzi, na pumzi ikachelewa.

Akimana aliteleza kutoka mabegani mwa baba yake. Alitoa pampu yake ya dharura mfukoni, akaitikisa, akaiunganisha kwenye chupa yake ya plastiki, akapiga magoti mbele ya kigoda. "Babu, shika kwa midomo. Vuta. Tena. Tena. Sasa nyingine." Melchior alimshikilia mzee mgongo. Wajukuu waliacha kucheza. Walisubiri wote, jirani kwa jirani, hadi mabega ya mzee yalipoanza kushuka, hadi alipoweza kuinua kidole na kuuliza, kwa sauti iliyokwaruza, nani amezima redio yake.

Générose alicheka, kisha akalia, kisha akajifuta machozi kwa kiwiko. Hakumtazama Cécile. "Na wengine?" aliuliza. "Mama yule wa duka la mkaa? Yule mwalimu? Wote ulitwambia."

"Najua."

"Najua, najua! Kujua kunatusaidia nini?"

Cécile alimsogelea mpaka wakawa uso kwa uso, akamshika ile mikono yenye unga.

"Nisikilize, Générose, na mzee asikie, na mwanangu asikie. Mlango ule wa mkaa naubisha sasa hivi, kabla sijavua viatu, na wa mwalimu baada yake, na kila mlango niliouingia na ule unga. Na kesho ni Jumamosi. Nitakwenda Nyarutarama. Nitasimama pale pale niliposimama, mbele ya simu zile zile. Nitaingiza mkono kwenye chungu nitoe pampu ya mwanangu, na ile ya Shema nitaitikisa mbele yao wasikie ilivyo tupu. Wakinifungia geti, nitasemea getini. Nilipotoa ushuhuda wa uongo nilikuwa na sauti. Wa kweli nitautoa na sauti hiyo hiyo. Nakuahidi."